Faili Moja Haipo

Kwangu iliwaka.
Mbale, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari,
programu yangu ya mizani iliamka kabla yangu,
ikapima, ikatoa, ikajumlisha
kilo za kahawa iliyokuwa bado mtini.
Nikainakili kwenye flashi, nikapanda nayo Busano.

Kwa Wetaka, karani wa ghala, haikuwaka.
Kompyuta yake, biti thelathini na mbili, feni yenye pumu,
ilifikiri kwa muda wa mtu kumenya kiazi,
kisha ikasema: faili moja haipo.
Nje, foleni ya magunia.
"Kwangu inafanya kazi," nikasema,
na nikajisikia nilivyosikika:
mpishi anayesifia wali alioula jana
mbele ya watu wenye njaa.

"Basi tukuletee magunia kwako?" akauliza Nandudu.

Usiku nikaketi kuhesabu nilichokopa bila kujua.
Mashine yangu ilikuwa ikinipa kimyakimya:
maktaba ya kuchora madirisha,
nyingine ya kusoma tarehe,
na kale kadogo kanakoongea na mizani kwa waya,
vitu nilivyoviweka mwaka juzi nikavisahau
kama mtu asahauvyo nani alimchimbia kisima.

Nikamkumbuka mama akinifungia sanduku la bati
la shule ya bweni. Chumvi. Kiberiti.
Sindano, na nyuzi za rangi tatu.
Kufuli, na ufunguo wa pili akaushonea kwenye pindo la sketi.
Na jiwe, jiwe la kusugulia visigino,
ati nani ajuaye kama huko yapo mawe.
Huko kwenyewe Tororo,
mji ulioegemea mwamba.

Nikafunga kama yeye.
Kila maktaba ndani, na mkalimani wa lugha yenyewe,
hata sauti za kengele ambazo hazitalia,
hata kalenda za nchi nisizoweza kuzitamka.
Megabaiti nne zikawa sitini na moja.
Nilijua mawe yamo humo. Sikuyatoa.

Safari ya pili, kinga ya virusi ikaimeza nzima.
Mgeni mwenye mzigo mkubwa hudhaniwa mwizi.
Wetaka akaitapisha, akabofya tena.
Ikafunguka nusu, ikasimama, ikaandika mstari mrefu
alioufuata kwa kidole kwenye kioo, akisoma kwa sauti:
"Folda... ya Khainza... haikupatikana."
Akanigeukia.
"Inakutafuta. Inasema hapa hakuna nyumba ya Khainza."

Anwani yangu niliiandika ndani yake siku ya kwanza,
kwa haraka, kwa mazoea,
nikampeleka mtoto ugenini
akijua kitanda kimoja tu duniani.
Nikafuta. Nikaandika: popote utakapowekwa,
anza kuhesabu kutoka hapo.

Ya tatu iliwaka.
Sina la kusimulia; mtu hapigi vigelegele kwa kompyuta.
Mizani ikasema, dirisha likajibu,
gunia la Nandudu, kilo arobaini na moja na nusu,
karatasi ikatoka.
Akaisoma. Akairudia. Akanirudishia.
Jina sawa. Uzito sawa.
Ila kwenye Buŋokho, katikati ya neno,
pale ulimi unapopandia nyuma ya pua,
palikuwa na kisanduku kitupu.

Fonti.
Nilimfungia jiwe, sikumfungia fonti.

"Ni herufi moja tu," akasema Wetaka, akitazama foleni.
Nandudu akachomoa kalamu sikioni mwa Wetaka,
akaijaza mwenyewe ndani ya kisanduku,
taratibu, mkia wake ukining'inia chini ya mstari,
akakunja risiti, akaifunga kwenye ncha ya leso,
akaniuliza nitapanda tena lini.