Fomu ya Wekundu

Sifuri: hakuna alama.
Moja: wekundu hafifu.
Nne: ngozi imevimba, usiguse.
Ndivyo nilivyofundishwa kupima.

Hombolo, saa tatu, jua limeshakasirika.
Perisi Chedego ananyoosha mikono
inayonyunyizia mizabibu salfa tangu masika.
"Inawasha?"
"Kidogo tu."
Naandika mbili.

"Na jicho?"
Anacheka. "Hili la kushoto hujililia lenyewe.
Msibani watu hunipa pole
kabla ya wafiwa."

Fomu haina kisanduku cha hilo.
Nafungua chupa ya maji, namwinamisha kichwa,
nahesabu dakika kumi na tano
yakichuruzika shavuni, yakinywewa na vumbi
lenye wekundu nisioweza kuupa namba.

"Afadhali," anasema,
akiokota bomba lake.

Nafuta ile mbili.