Kete ya Buluu

Waliniita kwa sababu naijua ratiba ya kivuko.
Miaka kumi na tisa napanga magari gatini,
lori kwanza, basi kati, baiskeli ubavuni;
sikujua kama huo nao ni ujuzi wa vita.

Ukumbi wa shule, Kuressaare, Februari.
Nyavu za mpira wa kikapu zimekunjwa juu,
na chini, kwenye meza nne za chakula zilizounganishwa,
visiwa vyetu vya karatasi,
barabara nyembamba kama mishipa ya kope.

Mwamuzi ni Kanali Raivo, mstaafu,
husema polepole kama asomaye maelezo ya dawa:
“Adui hana jina hapa. Tumwite Mwekundu.
Wala hakuna mshindi.
Tumekuja kujua tutakosea wapi.”
Akaweka mezani saa ya jikoni,
ile ya kuchemshia mayai.

Leelo, mkunga, akapewa uwaziri mkuu.
Kaarel wa benki akakabidhiwa majeshi yote.
Mimi, uchukuzi.
Tukacheka, tukala mikate ya mdalasini,
na kicheko kikatukauka zamu ya pili.

Zamu ya pili: umeme umekatika, sababu haijulikani.
Zamu ya tatu: meli isiyo na bendera imetia nanga
pale pale unapopita waya wa chini ya bahari.
Labda imeharibika. Labda.
Kaarel anataka kufyatua, Leelo anataka kungoja,
mimi nasema, “Tuulize kwanza,”
na tukiwa bado tunaulizana wa kumuuliza ni nani
kengele ikalia.

Kanali hakukasirika. Aliandika tu:
*Serikali haikuamua.*
Kisha akarusha dadu kwa niaba yetu.

Kumbe kutoamua nako kuna mkono wake,
na mkono huo hauna macho.

Zamu ya sita ikaniangukia.
Kivuko kimoja, kiko bara, mafuta ya kuja na kurudi.
Jioni barafu itafunga mlango wa bahari.
Kije na mizinga? Kuipakia ni saa tatu nzima,
na barafu haingoji mtu.
Kije kitupu, kiwawahi watu?
Basi kisiwa kibaki na nani?

“Saa tatu?” nikauliza. “Nani kasema?”
“Imeandikwa kwenye mpango.”
“Mpango haujawahi kupanga lori.
Waingie kinyumenyume, wazito mkono wa kushoto.
Dakika arobaini.”
Ukumbi ukanyamaza.
Kanali akachukua kifutio,
akafuta ile tatu taratibu,
akapuliza vumbi la mpira,
na mara ya kwanza siku ile nikaona mkono wake unatetemeka.

Ningependa shairi hili liishie hapo.

Lakini gatini palikuwa na kete kumi na moja za buluu,
kila moja watu mia,
na kivuko hubeba tano.
Nilizichagua kwa vidole. Zilizokuwa karibu.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini hizo,
nami sikuwa na la kujibu.

Mwisho tulihesabu vifaa kabla ya kufunga sanduku.
Kete zikawa kumi.
Tukainama chini ya meza, tukasogeza viti,
Waziri Mkuu kwa magoti, akimulika kwa simu.
Hatukuiona. Kanali akaandika na hilo:
*Mia moja, hawajulikani walipo.*

Niliikuta ndani ya basi la kurudi nyumbani,
ndani ya glovu yangu ya kulia,
ndogo kuliko jino la mtoto.

Sijairudisha.
Ipo dirishani mwa kibanda changu, karibu na redio ya upepo.
Asubuhi nikihesabu magari,
dereva wa lori la maziwa hushusha kioo:
“Maret, tumejaa?”
Nami humjibu, bado,
nafasi moja.