Moja, Moja, Tisa

"Moto, au mgonjwa?"
Ndivyo wanavyopokea simu kule. Hakuna hujambo.
Sauti ya kijana, kavu, safi kama sahani iliyopanguswa,
nami nimeshika simu kwa mkono wenye unga wa mchele,
na baba yuko mezani, midomo inageuka zambarau,
macho yamemtoka pima.

Mochi. Kipande kimoja tu, alisema,
mwaka hauanzi bila mochi ndani ya mchuzi,
hata kama nyumba ina matanga,
hata kama safari hii hatukumwandikia mtu salamu za heri.
Nilimkatia vipande vinne, vidogo. Akabana viwili kwa mpigo mmoja.
Meno yake ya bandia yalikuwa kwenye glasi, yakimcheka.

"Mgonjwa," nikasema. "Mzee. Amekabwa."
"Mko wapi?"

Hapo ndipo dunia iliponiponyoka.
Miaka hamsini na mitatu nimelala chini ya paa hili,
nimeipakua theluji yake kwa koleo kila Januari,
naijua ngazi inayolia ukiikanyaga, nalijua bomba linaloganda kwanza,
na jina la mtaa wangu silijui.
Nikamwambia: nyumba yenye paa la buluu.
Akajibu bila kupandisha sauti:
"Mama, Yokote nzima leo ina mapaa meupe."

Baba akapiga meza. Mara moja. Bakuli likaruka.

Kizingitini palikuwa na barua za asubuhi,
bili ya gesi na kadi moja.
Nyumba yenye msiba haitumiwi kadi, hilo kila mtu analijua,
isipokuwa bwana mmoja wa Sendai, muuza nyuzi za kufumia,
ambaye habari hazijamfikia.
Alichora farasi kwa wino mwekundu, mguu mmoja mfupi.
Nikaigeuza, nikasoma kwa sauti kama mgeni anayeuliza njia:
mtaa, kitalu cha tatu, nambari kumi na saba,
Bibi Sugawara Shizue.

"Bibi Shizue," kijana akarudia, nikasikia akiandika. "Gari limetoka."

Sikumsahihisha.
Pumzi ndani ya chumba kile ilikuwa haba, si ya kupoteza.

"Weka simu sakafuni. Simama nyuma yake, mwinamishe.
Piga katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kwa nguvu. Nitahesabu."

Kwa nguvu. Baba yangu,
ambaye sijawahi hata kumvua kofia bila kumwomba radhi.

Moja, ikasema sauti kutoka kwenye mkeka.
Nikapiga kama anayefukuza nzi.
"Kwa nguvu, mama!"
Mbili. Tatu.
Nikampiga baba yangu.
Nikaipiga na ile simu ya Machi ambayo sikuipiga,
usiku ule mama alioshika kifua akasema,
subiri kupambazuke, tusiwasumbue watu,
nami nikasubiri, mtoto mtiifu, mpaka kukapambazuka.
Nne.

Kitu cheupe kikadondoka kwenye mchuzi.
Kisha sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia,
kama mlango wa ghala ukiburutwa:
hewa, ikiingia.

Wakaja wanaume watatu, theluji mabegani,
wakiomba samahani kwa kuingia.
"Bibi Shizue yuko wapi?"
Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia,
koo limechubuka, vijiti bado mkononi:
"Mmechelewa. Ametoka tangu Machi."

Mdogo wao akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena.

Na pale kwenye mkeka, kando ya mguu wa meza,
simu ilikuwa bado wazi.
Kijana asiyenijua, ambaye sikumshukuru,
ambaye hata nikikutana naye dukani nitampita,
alikuwa ameianza hesabu upya:
tatu, nne,
usiache, mama,
tano.