Kifungo cha Kwanza

Saa tatu na nusu usiku, Lodz, tarehe tisa Septemba.
Tramu inakwaruza kona ya mtaa
na mimi, mhasibu wa kiwanda cha vifungo,
nimekikodolea macho kifungo kimoja
kisichoshonwa popote:
WASILISHA.

Kesho adhuhuri mlango wa awamu ya kwanza unafungwa.
Wa pili, Januari.
Wahenga walinisaidia kama mashahidi waliohongwa:
mmoja kasema haraka haraka haina baraka,
mwenziwe kadakia, ngoja ngoja huumiza matumbo,
wakaniachia tumbo hilo hilo.

Ziemowit, kaka yangu, alinipigia hesabu kwenye simu:
sasa hivi viti ni vingi, misaada ya karo haijaguswa,
Januari utagombea makombo na watoto wa mabenki ya Warsaw.
"Ila," akaongeza, "alama zako za mtihani..."
akanyamaza pale pale penye alama zangu za mtihani.

Mama hajui karo wala awamu.
Ameshona makoti miaka thelathini na minne.
"Ukikosea kifungo cha kwanza," alisema, akimenya kiazi,
"shati zima litakwenda upande,
na hutagundua mpaka ufike shingoni."
Kwa hiyo nisubiri?
"Mimi nimesema shati."

Nikaisoma insha tena, mara ya kumi na moja.
Aya ya nne: *Nimeokoa kiwanda kwa kununua mtambo wa rangi.*
Mtambo bado uko Izmir, ndani ya kreti.
Utafika Novemba, forodha wakipenda.
Bwana Wieslaw, aliyeniandikia barua ya sifa,
kausifu kana kwamba anausikia ukinguruma.
Nikafuta *me*. Nikaweka *ta*.
Nitaokoa.
Silabi moja tu, na sentensi nzima ikavuka koti,
ikabaki inatetemeka.

Nikarudisha *me*. Nikaifuta. Nikairudisha.
Chini yake fomu inauliza: Kwa nini sasa?
Maneno mia mbili.
Nilikuwa nayo mia mbili kamili
na hata moja halikuwa *sasa*.

Nilifunga kompyuta saa nne na robo.
Sikulia; hakuna aliyekufa.
Koti langu lilikosa kifungo tangu Machi,
koti la mtu wa kiwanda cha vifungo!
Nikatafuta sindano.

Mtambo ulikuja, ukaharibika, ukatengenezwa.
Wekundu wa kwanza ulitoka rangi ya supu ya viazisukari,
tukatupa kilo arobaini.
Barua ya Bwana Wieslaw iliandikwa upya, fupi, bila ngurumo.
Na Januari, Jumanne moja, theluji ikiyeyukia viatuni,
nilibonyeza nikiwa na mkate mdomoni,
katikati ya ankara mbili,
nikaendelea na ankara ya pili.

Ziemowit anasema nimechelewa.
Huenda. Majibu ni mwezi wa tatu.
Koti linafungika mpaka juu,
ingawa uzi ni wa rangi nyingine.