Usifute, Puliza

Siku ya tatu tangu mlima uteme moto,
Patagonia yote rangi ya kondoo asiyeoshwa,
Elvecia Ñancufil akabisha chumbani kwangu,
mimi mpangaji, nadaiwa kodi ya miezi miwili.
"Kuna kitu kinakohoa," akasema, "na si mimi."

Ilikuwa kompyuta yake.
Chini ya meza, kando ya jiko la kuni,
feni inakwaruza kama kijiko
kinachokomba sufuria iliyoungua.
Nikanyoosha mkono na kitambaa.
Akaupiga kofi dogo.
"Usifute! Puliza.
Majivu haya ni kioo kilichosagwa.
Ukiyafuta, yanachora."

Akachomoa plagi. Akangoja.
Akagusa bomba la maji, chuma kitupu,
ili cheche ya sweta iishie hapo
isije ikaua bodi.
Miaka ishirini na sita aliandika hesabu za sufu
katika ushirika wa wafugaji;
anajua sweta linavyoficha umeme,
anajua na mdaiwa anavyoficha uso,
ndiyo maana hakunitazama.

Skrubu nne kwenye kisosi.
Ubavu ukafunguka.

Juu, majivu ya juzi, laini, yametulia kama yamelipiwa kukaa.
Chini yake, manyoya ya paka aliyekufa Julai.
Chini zaidi, nyuzi za sufu,
njano kwa mafuta ya kondoo,
za enzi ushirika ulipokuwa hai
na mashine hii ikikaa ofisini.
Nilidhani tunasafisha. Kumbe tunachimba.

Akatoa mfukoni mwa aproni
kipira chekundu cha kunyonyea makamasi,
kilichopita puani mwa wanawe watano
kila majira ya baridi.
Akakibinya: fyu.
Akakibinya: fyu.
Feni kaizuia kwa kijiti cha kiberiti
isizunguke kwa pumzi ya mtu.
Brashi ya kupakia mikate ute wa yai
ikapita katikati ya mapezi ya alumini,
polepole, kama inasoma.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kunyamaza.
Ya pili ilinishinda.
"Si ununue mpya tu?"
Fyu! Majivu usoni pangu.

Kibodi ikafuata. Aling'oa vitufe kwa kisu cha siagi,
akaviosha ndani ya beseni la sabuni,
akavianika juu ya taulo
kama meno ya maziwa.
Saa ya kuvirudisha, kimoja hakipo.

Ñ.

Ule mlio unaofungua nyumba, nyota, nyanya,
kwao una herufi yake yenyewe,
na kijiwimbi kichwani.
Jina lake linaanzia hapo.

Tulipekua beseni, tukakung'uta taulo,
tukafungua mpaka kiwiko cha bomba la sinki:
tope la kijivu, punje moja ya mchele, basi.
"Ankufil," nikamtania.
Hakucheka.
"Karani wa vitambulisho alimwandika baba hivyohivyo.
Miaka tisa alikwenda na kurudi
kudai kijiwimbi."

Nikazima tochi, sijui kwa nini.

Akakata kifungo cha sweta lake, cha mfupa,
akakisugua ukingo kwenye kizingiti,
akakionja kwa kidole, akasugua tena,
akatia tone la gundi.
Hakuchora chochote juu yake.

Asubuhi akachomeka plagi.
Feni ikapumua. Pumzi tu, bila kikohozi.
Nje majivu bado yanashuka;
juu ya mashine katandaza shuka kuukuu,
lakini nyuma, panapotokea joto, kapaacha wazi.

Kisha akaandika, na printa ikatoa karatasi,
akaisukuma chini ya mlango wangu:
kodi ya miezi miwili, haijalipwa.
Punguzo: kushika tochi, nusu siku.
Na chini, herufi zote zikiwa mahali pake,
Elvecia Ñancufil.