Pindo

Januari foleni huanzia mlangoni kwangu, Kitangari,
watoto wima kama wanahesabiwa na serikali,
nami futi shingoni, daftari gotini.
"Pindo refu, fundi," mama wote husema neno hilo moja.
"Refu. Atakua."
Naacha vidole vinne. Kwa mwenye imani kubwa, vitano.

Daftari langu halijui kubembeleza.
Sikudhani Mchopa, darasa la tatu: kiuno hadi goti, inchi kumi na nane.
Sikudhani Mchopa, darasa la nne: kumi na nane.
La tano: kumi na nane na nusu,
na ile nusu, Mungu anisamehe, niliiongeza mimi
kwa kuwa mama yake alikuwa ananitazama.

Asubuhi chai ya rangi.
Mchana ugali wa muhogo, mweupe, laini,
unaojaza tumbo na kuliacha tupu humo humo.
Jioni ming'oko kwa chumvi, ikipatikana.
Na sisi ndio wenye korosho!
Oktoba magunia yanapita hapa dirishani kwenda ghalani,
mbaazi zimeshatangulia, njugumawe nazo,
mitetea wamefungwa miguu juu ya baiskeli,
chakula chote cha kumkuza mtoto kinatoka kijijini
kinarudi bati, kinarudi redio,
kinarudi sare mpya yenye pindo la vidole vinne.
Sisemi bati ni baya. Mvua nayo hunyesha.

"Yai?" Bibi yake alishika mdomo.
"Mtoto akila yai atakuwa mwizi."
Siku ya mgeni yalikaangwa matatu.
Mgeni hakuiba kitu.

Alipotimiza kumi na minne
wenzake walikwishavunja ungo, wamechezwa,
wametoka na kanga mpya, nyuso zinang'aa mafuta.
Yeye mstarini alisimama mbele, na watoto wa la pili.
Watu wakatafuta mchawi. Wakamtaja shangazi.
Wakavuka Ruvuma kwenda kwa mganga,
na nauli ile, niliipigia hesabu kwa chaki mezani,
ingenunua dagaa wa miezi minne.

Sikucheka.
Mimi nilivunja ungo nina kumi na saba,
mama ameshaacha kuuliza.
Mwili si mvivu. Mwili unapiga hesabu
kama mama mwenye debe moja la unga:
kwanza moyo, kwanza pumzi,
kwanza miguu ya kushuka bondeni kuteka maji.
Urefu baadaye. Utu uzima baadaye,
mpaka ijulikane kesho kuna nini chunguni.

Mama yake alipokuja kulipa deni
nilimwambia maneno mawili tu: usiuze yote.
Hakunijibu.
Lakini mwaka ule mtetea mmoja hakupanda baiskeli.
Pishi mbili za mbaazi zikalala uvunguni,
korosho zilizovunjika zikatwangwa, zikaingia kwenye kisamvu.
Bibi akanuna wiki mbili.
Ya tatu akaomba aongezwe mchuzi.

Muujiza haukuwapo. Darasa la sita: kumi na tisa.
La saba: ishirini na moja,
na nusu sikuongeza.

Juzi kaniletea sketi ile ile, ya la tano,
kaishika kwa vidole viwili, na haya mpya usoni
kama mtu aliyeanza kuwa na mambo yake.
Nikachukua wembe, nikafumua pindo, mshono kwa mshono.
Nguo ikashuka.
Juu buluu iliyopauka, jua na sabuni ya mche miaka mitatu;
chini ukanda wa vidole vinne,
buluu nzito kama siku niliyoikata,
ilikuwa humo ndani muda wote, imekunjwa, inangoja.

"Fundi, ina rangi mbili. Watanicheka."
"Wacha wacheke. Wataihesabu."
Nikapiga pasi pale pa alama ya zamani.
Haikufutika.
Nikamdai mia tano.