Gurudumu Jeupe

Padre Wabomba aliniletea kitabu Jumatatu,
kimefungwa kamba ya katani kama kuku wa sokoni.
"Kilonzi, mgongo umevunjika. Kijalidi.
Na usikisome, utanichelewesha."
Lakini gundi ina saa zake za kukauka,
na macho ya fundi hayalali njaa.

Chumba changu kiko juu, Barabara ya Kirinyaga.
Sakafu yangu ni dari ya Nzuki,
aundaye mikokoteni kwa ekseli za magari yaliyokufa.
Akigonga nyundo, herufi huruka.
Ndivyo nilivyoisoma Mainz:
mstari mmoja, chuma, mstari mmoja, chuma.

Nchi hiyo ya Wajerumani ilitawaliwa na askofu mkuu.
Mkono wa kuume fimbo ya mchungaji,
wa kushoto upanga,
na kiunoni, chini ya kanzu, funguo za sanduku la ushuru.
Asubuhi aliyabariki maji ya mto Rhine,
alasiri akayatoza.
Kila pipa la mvinyo, kila gogo lililoelea
lilisimama, likalipa, likapita.
Hakuoa, hakuacha mwana.
Kiti kilipata warithi hata hivyo:
wakuu wa kanisa walijifungia chumbani,
koo kubwa zikanong'ona,
dhahabu ikaitikia Amina.
Na alipokufa mfalme wa wafalme wao
ni huyu wa Mainz aliyepiga mbiu,
akawaita wapiga kura saba.
Saba! Nilirudia kwa kidole chenye gundi.
Mimi uchaguzi uliopita nilipanga foleni tangu saa tisa usiku,
mbele yangu blanketi, redio, na watu wa mtaa mzima.

Ukurasa wa arobaini na mbili una tundu. Panya.
Pembeni mwa tundu pamebaki hekaya:
askofu mmoja, mwaka wa njaa,
aliwafungia maskini ghalani, akawasha moto.
"Sikieni panya wangu wanavyolia."
Panya wa kweli wakamfuata hadi mnarani, katikati ya mto,
wakamla.
Chini, kwa herufi ndogo, mwandishi anakanusha:
mnara ule ulikuwa wa forodha tu.
Panya wa Kirinyaga wameila nusu ya kanusho,
hekaya wameiacha nzima.

Kilichoniweka macho ni ngao yao:
gurudumu jeupe, uwanja mwekundu.
Wanasimulia, na hati hawana,
kwamba palitokea askofu, mwana wa fundi wa magurudumu.
Wenye nasaba wakamchorea chaki milangoni,
gurudumu hapa, gurudumu pale, wamsute.
Hakufuta.
Alimwita mchoraji: "Yapake rangi, yasitoke.
Nisije nikasahau nilikotoka."
Waliomfuata wakalibeba miaka mia nane,
kwenye sarafu, kwenye bendera, kwenye risiti za ushuru,
wakasahau wao.

Nilishuka ngazi na ukurasa ule, gundi ingali mbichi.
Nzuki akapangusa mkono suruali, akatazama.
"Spoki sita. Kazi safi. Ya nani?"
"Ya askofu."
"Askofu alisukuma mkokoteni?"
"Baba yake aliunda."
Akacheka, akarudi kwenye nyundo,
na siku nzima akagonga polepole zaidi.

Mwisho wa nchi ile ni aya moja.
Wafaransa waliteka ng'ambo ya mto,
wakuu wakaketi na kalamu kugawana kilichobaki,
na mwaka 1803 wakaifuta.
Niligeuza nione kama pana zaidi.
Palikuwa na karatasi tupu, na doa la chai.

Nikajalidi kwa kitambaa chekundu.
Mbele nikachora gurudumu kwa wino mweupe,
jambo ambalo sikuagizwa.

Ijumaa Padre alikuja.
Parokiani wanasema jina lake limefika Roma,
na mtaa wa Kangemi unamkumbuka baba yake,
muuza mkaa, na mkokoteni wake uliopiga kelele.
Hakuuliza bei.
Alilipitisha dole gumba juu ya gurudumu,
spoki baada ya spoki,
kisha akaniuliza, bila kuinua macho,
kama rangi hiyo hufutika.